Paka Aliyeulizwa Mara Tatu

Nchi yenyewe sitaitaja, maana ina jeshi, na mimi nina familia. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi nzuri, yenye reli moja na mawaziri wengi, na wenyeji wake walisifika kote kwa utulivu. Utulivu huo haukuja hivihivi. Ulitokana na desturi.

Desturi yenyewe ilianzia harusini. Huko, kama kwingineko, bibi harusi alikuwa akiulizwa mara tatu kama ameridhia kuolewa. Naye kwa haya zake huinamisha kichwa akanyamaza, wazee hutazamana, mmoja husema, "Basi, ameridhia," na pilau hupakuliwa. Waasisi wa taifa walipokuwa wakitafuta namna ya kuendesha nchi bila makelele, walilikumbuka jambo hilo. Wakasema, kama linafaa kwa ndoa, ambayo ni ya maisha, litashindwaje kufaa kwa ushuru wa chumvi? Tangu hapo kila jambo la serikali likawa linasomwa hadharani, wananchi wanaulizwa mara tatu, wananyamaza, linapita. Wala hakuna aliyekatazwa kusema. Wale askari waliosimama ukutani na virungu walikuwepo kusaidia kusikiliza.

Kwa njia hiyo nauli ya treni ilipanda, viti vya daraja la tatu vikang'olewa ili abiria wapate nafasi ya kunyoosha miguu, na Rais akaongezewa muhula juu ya muhula. Wananchi walikuwa wameridhia.

Bi Zaituni, mjane aliyekuwa akipika maandazi karibu na stesheni ya mji mkuu, alikuwa mmoja wao. Tangu usichana wake aliridhia kila alichoulizwa, kuanzia mume mpaka bei ya unga, na majirani walimsifu kwa kuwa sauti yake hawakuwahi kuisikia ikivuka ukuta. Aliyesema nyumbani kwake alikuwa paka.

Paka huyo aliitwa Kasheshe. Alikuwa wa kijivu, sikio la kushoto limepasuka, na alikuwa na tabia mbaya ya kutoa maoni. Akiona njaa alisema. Akishiba alisema. Mlango ukifungwa alilalamika, na ukifunguliwa alitaka kujua ulikuwa umefungiwa nini. Majirani walimwonea Bi Zaituni huruma, wakidhani ni kasoro ya malezi.

*

Ikatokea Rais akasafiri ughaibuni kutengeneza meno. Ndani ya ndege akaona mbwa wa bibi mmoja wa kizungu amekaa kiti cha dirishani, kafunikwa blanketi, bakuli la maji liko mbele yake, na mhudumu ameinama kumuuliza kama yu salama. Rais aliguswa mno. Nasikia machozi yalimlengalenga. Akarudi na meno mapya, na palepale uwanja wa ndege akatangaza kwamba ni fedheha kwa taifa huru kuwa na wanyama wanaosafiri kwa tabu, wametiwa magunia na kufungwa miguu.

"Katika awamu hii," alinguruma, "mnyama wa nyumbani atasafiri kwa usalama, kwa starehe, na kwa ridhaa yake mwenyewe!"

Watu wakaulizwa mara tatu, wakanyamaza, ikawa sheria.

Ilikuwa sheria iliyotungwa kwa uangalifu usio wa kawaida, maana Rais aliisoma mwenyewe. Ilitaka wanyama watengewe behewa lao lenye viti vya sponji, feni na maji baridi, na wenye wanyama waruhusiwe kukaa sakafuni kando yao. Ilitaka mnyama aulizwe mara tatu kabla ya kupanda, na aulizwe tena kila safari inapobadilishwa. Akinyamaza, ameridhia. Lakini sauti yoyote itakayotoka ndani ya behewa hilo wakati wa kuulizwa ihesabiwe kuwa pingamizi, na pingamizi hilo lisipuuzwe na mtu yeyote, hata angekuwa waziri. Kwa wanyama, Rais hakutaka mchezo.

*

Bi Zaituni hakuijali sheria hiyo mpaka siku alipopigiwa simu na Zuwena, mwanawe wa pekee, aliyeolewa Ukingoni, mji ulio mwisho wa reli. Zuwena alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe, mwanajeshi, alikuwa amepelekwa mpakani.

"Mama, mkunga anasema bado kidogo tu. Naogopa."

"Unaogopa nini na mimi nakuja?"

"Na Kasheshe uje naye. Ukimwachia jirani atagoma kula kama mwaka ule."

Kasheshe alikuwa paka wa Zuwena kabla hajawa wa mama yake. Zuwena ndiye aliyemwokota mtaroni, mdogo kama andazi, akilia kwa hasira.

Bi Zaituni alikata simu akaanza kufunga mizigo. Alipomzaa Zuwena alikuwa peke yake, mvua inanyesha, mkunga kakwama ng'ambo ya mto. Usiku ule aliapa kwamba mtoto huyu, siku yake ikifika, atakuwa na mtu wa kumshika mkono. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuulizwa na mtu. Alikitaka mwenyewe.

Ijumaa, siku ya treni, alifika stesheni na kapu lake la ukindu. Mbele ya behewa la wanyama paliwekwa meza yenye kitambaa cha rangi za bendera, na nyuma ya meza alikaa kijana mwenye suti iliyombana makwapani. Huyo alikuwa Bwana Hamduni, Afisa wa Ridhaa. Alikuwa na kipaza sauti, ingawa aliokuwa akiwahoji walikuwa mbele ya pua yake.

Wa kwanza alikuwa samaki, ndani ya chupa, mali ya mwalimu mmoja wa somo la uraia.

"Ndugu Samaki," alisema Bwana Hamduni, "je, umeridhia kusafiri kwa treni ya serikali kwenda Ukingoni?"

Samaki alinyamaza. Aliulizwa tena, akanyamaza. Mara ya tatu alinyamaza vizuri zaidi. Bwana Hamduni alitoa kitambaa akajifuta macho. "Laiti wananchi wote wangekuwa hivi," alisema, akaibandika chupa nishani ya raia mwema.

Akafuata kobe, ambaye baada ya swali la kwanza aliingiza kichwa ndani. "Amekwenda kutafakari," akasema afisa, na foleni nzima ikasubiri. Mtu mwenye mbuzi alirudishwa, kwa maelezo kwamba mbuzi si mnyama wa nyumbani bali ni mboga inayotembea. Mzee Lwitiko, fundi saa mstaafu, alipita bila shida na Tajiri, jibwa jeusi lililozeeka kiasi cha kutojua kama limeulizwa.

Ikawa zamu ya kapu la ukindu.

"Ndugu Paka, je, umeridhia—"

"Nyau," akasema Kasheshe.

Bwana Hamduni aliweka kipaza sauti chini taratibu. "Bi mkubwa, amekataa."

"Hajakataa, mwanangu. Anakuamkia."

"Maamkizi hayamo kwenye sheria. Na mnyama aliyekataa hawezi kutelekezwa. Wewe mwenyewe utabaki naye, umliwaze. Jaribuni Ijumaa ijayo."

"Ijumaa ijayo! Binti yangu yu karibu kujifungua!"

"Nakuelewa kabisa, mama," alisema Bwana Hamduni kwa upole wa kweli. "Lakini wewe hukuulizwa."

*

Juma hilo Bi Zaituni hakupika maandazi. Alimfundisha paka kusafiri.

Aliacha kapu wazi pembeni mwa chumba, akatandika ndani yake khanga yake kuukuu, asiyoifua, ili paka apate harufu ya nyumbani. Kasheshe alilinusa, akalitukana, akaondoka. Kesho yake alikutwa amelala humo. Bi Zaituni akambeba humo kuzunguka nyumba, kisha mtaa, kisha akampeleka stesheni kusikia honi ya treni ya mizigo, mpaka ikawa honi ikilia paka anapiga miayo. Kisha akaanza kumuuliza. Aliketi juu ya kinu, akajitia kifua mbele kama afisa: "Ndugu Paka, je, umeridhia?" Kasheshe aliposema, aligeuziwa kisogo. Aliponyamaza, alipewa dagaa.

Zuwena alipiga kila jioni. Uchungu ulikuwa unamjia na kuondoka. "Mama, umefika wapi?" aliuliza, na Bi Zaituni alijibu kwamba wanaendelea vizuri na masomo.

Alhamisi, paka aliulizwa mara tatu na hakusema neno. Alikaa tu akimtazama bibi yake kwa macho ya duara, akisubiri dagaa. Bi Zaituni alimpa. Alipaswa kufurahi, lakini roho ilimuuma, na nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyopenda.

Ijumaa alimpa chakula kidogo tu ili tumbo lisimsumbue njiani, akamfunika kwa khanga, wakaenda. Kasheshe aliulizwa, akanyamaza. Aliulizwa tena, akanyamaza. Baada ya mara ya tatu Bwana Hamduni alisimama akampa Bi Zaituni mkono.

"Hongera, mama. Sasa ndiyo umemlea."

*

Behewa la wanyama lilikuwa la kifahari. Samaki alikuwa na kiti chake, kobe na chake, na feni ilipuliza upepo mwanana juu ya masikio ya Tajiri. Chini, kati ya viti, binadamu walikaa wamekunja miguu, wakipokezana chupa moja ya maji ya uvuguvugu. Mwalimu wa uraia, ambaye Ijumaa iliyopita, kama wenzake wote, alikata tiketi na hakwenda kwa kuwa kobe aliendelea kutafakari mpaka treni nzima ikachelewa na safari kuahirishwa, alisema kwamba ukilinganisha na daraja la tatu hii ni pepo. Bi Zaituni alikubaliana naye. Alikuwa ameegemea kiti cha paka wake, na kila stesheni ikipita moyo wake ulikaribia Ukingoni.

Karibu na adhuhuri simu ililia. "Mama, wamenilaza," alisema Zuwena, pumzi zikimkatika. "Mkunga anasema ni leo. Uko wapi?"

"Njiani, mwanangu. Jioni nipo. Kaza roho."

Walipofika Njiapanda, pale reli inapogawanyika, treni ilisimama. Ilibainika kwamba katika behewa la mbele alikuwamo Waziri wa Safari na Starehe za Wanyama, Mheshimiwa Kitwana Mbwembwe, naye alikuwa na jambo. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vya treni nzima.

"Ndugu abiria, wanyama na binadamu, itifaki imezingatiwa! Kwa furaha isiyo kifani, nawatangazia kwamba treni hii haitakwenda Ukingoni leo. Itakwenda kwanza Matongoni, jimboni kwangu, kuzindua birika la kisasa la kunywea maji paka wasafiri. Kutakuwa na gwaride, ngonjera, na hotuba yangu fupi, itakayomalizika keshokutwa. Serikali yenu sikivu haiwezi kuwapeleka bila ridhaa. Mtaulizwa!"

Matongoni hapakuwa na paka msafiri hata mmoja. Hapakuwa na maji pia, lakini hilo lilikuwa la wizara nyingine.

Bwana Hamduni alianza kupita behewa kwa behewa, askari nyuma yake. Bi Zaituni alimsikia akija. Swali, kimya. Swali, kimya. Swali, kimya. "Wameridhia!" Kisha behewa lililofuata. Humo walikuwamo watu wanaokwenda kuzika, watu wanaokwenda kutibiwa, bwana harusi mmoja na shada lake. Wote waliridhia.

Mlango wa behewa la wanyama ukafunguliwa.

"Ndugu Wanyama, je, mmeridhia kwenda Matongoni?"

Kimya. Bi Zaituni alimtazama Kasheshe. Sema, alimwomba moyoni. Mwaka mzima hunyamazi hata nikisali, leo sema. Kasheshe alikuwa amelala, kidevu juu ya khanga.

"Mara ya pili. Je, mmeridhia?"

Samaki alinyamaza, kama kawaida yake. Kobe alikuwa hayupo. Tajiri alifungua domo, wote wakamtumbulia macho kwa matumaini, kumbe ni miayo. Bi Zaituni alifunua khanga akamtikisa paka begani. Kasheshe alifumbua jicho moja, akasikia swali, akakumbuka dagaa, akalifumba. Alikuwa amefundishika.

Bi Zaituni alimwona Zuwena kitandani, mkono umenyooshwa, na hakuna wa kuupokea.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Je, mmeridhia?" Bwana Hamduni alikwisha kufungua kinywa ili atangaze.

"Nyau."

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu asiyezoea kuitumia. Bwana Hamduni alilitazama kapu. Paka alikuwa usingizini, ubavu unapanda na kushuka. Akamtazama Bi Zaituni, ambaye alikuwa akiangalia feni.

"Bi mkubwa. Nani amesema?"

"Mimi ni mwenye paka tu, mwanangu. Nimekaa sakafuni kama sheria inavyotaka."

"Paka amelala."

"Basi labda anaota."

Jasho lilimtoka Bwana Hamduni. Sheria ilisema sauti yoyote, na sheria ilikuwa imesainiwa na Rais kwa wino wa kijani. Alirudi mbele mbio, na punde Mheshimiwa Mbwembwe mwenyewe akaingia, tumbo likitangulia.

"Paka gani huyo anayepinga maendeleo ya paka wenzake?" alifoka. "Nitamuuliza mimi mwenyewe. Nyinyi humu! Mmeridhia, au hamkuridhia?"

Watu wa sakafuni waliinamisha vichwa. Bi Zaituni naye kichwa chake kilianza kuinama chenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Akakizuia. Akamtazama waziri usoni, akafungua kinywa waziwazi mbele za watu.

"Nyau," alisema. Na alipoona hajafa, akaongeza, "Nyaaau!"

Askari aliinua kirungu. Kisha akakumbuka kwamba sheria inakataza kabisa kumpiga mnyama safarini, akasita, akakishusha, akabaki anamwangalia waziri amweleze huyu ni nani.

Kabla hajaelezwa, Mzee Lwitiko alikohoa, akarekebisha miwani, akabweka. Tajiri alimgeukia kwa mshangao mkubwa. Mwenye kobe hakujua kobe husema nini, akaamua kukoroma. Mwalimu wa uraia alitaka sana kusaidia. Lakini alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo alifungua mdomo na kuufunga, akaufungua na kuufunga, bila sauti yoyote, akimwangalia waziri kwa ukali. Huko daraja la tatu, ambako hawakuwa hata na haki hiyo, mtu aliwika. Nadhani alikuwa bwana harusi.

Mheshimiwa Mbwembwe hakuwa mjinga. Hakuna anayedumu na tumbo la namna ile akiwa mjinga. Alijua ni sheria ya nani. Akavuta pumzi, akatabasamu, akakishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, wanyama wetu wametumia haki yao kwa ukomavu mkubwa! Haya ndiyo matunda ya awamu hii! Treni iendelee Ukingoni!"

Akateremka na kwenda Matongoni kwa kiberenge, akisukumwa na askari wake. Inasemekana hotuba ilitolewa yote, na mbuzi wa kijiji walinyamaza mpaka mwisho.

*

Jua lilikuwa halijazama Bi Zaituni alipoingia wodi ya wazazi, kapu kwapani. Zuwena alinyoosha mkono, na mama yake akaupokea. Hakuuachia mpaka mtoto alipotoka. Alikuwa wa kike. Bi Zaituni alilia bila kujificha, kwa sauti, hata mkunga akamwambia apunguze, naye hakupunguza.

Asubuhi alikuja Afisa wa Ridhaa ya Vizazi. Katika nchi ile hakuna mtoto aliyefanywa raia kwa nguvu. Kila mmoja aliulizwa. Maafisa hao walikuwa wazoefu wa kazi yao, walikuja mtoto akisha kunyonya na kushiba. Yule aliinama juu ya kitanda, akamwona mtoto amelala fofofo kifuani mwa mama yake, akaridhika.

"Ndugu Mtoto, je, umeridhia na nchi hii, na viongozi wake, na mambo yake yote yaliyopo na yatakayokuja?"

Kimya.

"Mara ya pili. Je, umeridhia?"

Kimya. Kasheshe alitoa kichwa chini ya kitanda, akatazama. Zuwena alimtazama mama yake. Bi Zaituni alisogea, akapitisha kidole ndani ya shuka, akautekenya unyayo wa mjukuu wake.

Mtoto alifumbua macho, akayaona aliyoyaona, akaachia ukelele uliotikisa vioo vya dirisha. Afisa aliruka nyuma. Alijaribu swali la tatu, halikusikika. Alijaribu tena kwa sauti ya juu, na mtoto akaongeza.

"Mtulizeni!" alisema afisa. "Mwambieni anyamaze, nimalize kazi!"

"Mimi?" alisema Bi Zaituni, akiketi vizuri kitandani. "Mimi simfundishi mtu tena kunyamaza. Wewe umemuuliza, mwanangu, na yeye anakujibu. Kaa umsikilize."

Afisa akavuta kiti, akaketi, akasubiri kimya kirejee. Chini ya kitanda, Kasheshe naye akaanza kutoa maoni.